Mvua peke yake haipiganishi watu

Ndugu wakulima, wataalamu wanatumia modeli, ni kusema hesabu za kompyuta, kutabiri namna hali ya hewa itavuruga usalama wa inchi. Huku Fizi tunaiona kwa macho. Kwa desturi, wakati wa kiangazi ng'ombe wanashuka toka Itombwe kutafuta majani. Kwa desturi wafugaji wanalipa itulo kwa shefu, lakini mara nyingi mwenye shamba aliyeharibiwa hapati kitu. Mvua ikikatika mapema, ng'ombe wanafika mavuno yangali shambani. Hapo kunakuwa ugomvi, kisha bunduki. Modeli inahesabu mvua, haihesabu mapatano. Sisi tunaweza: tupime mvua, tuandike tarehe, tupatane na wafugaji njia ya ng'ombe na malipo ya hasara, mbele ya mwezi wa sita.