Vipimo vya damu kuganda: kipi ulipie, kipi uruke

Mguu mmoja umevimba, shavu lake linauma ukilibonyeza, na dirisha la maabara liko wazi. Usilipe bado. Anza kwa daktari, hata kama ada ya kumwona inauma, maana yeye ndiye atakayeamua kama kipimo kitakusaidia au kitakula hela tu.

Atauliza kama umefanyiwa upasuaji karibuni, kama una saratani, kama umewahi kupata donge la damu. Kisha atazungusha futi ya kamba chini kidogo ya magoti, mguu mmoja baada ya mwingine. Uliovimba ukiuzidi mwenzake kwa sentimita 3 au zaidi, wasiwasi unaongezeka. Futi hiyo ndiyo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote.

Dalili zikiwa chache, lipia D-dimer. Inatafuta mabaki ya donge ambalo mwili unalivunja. Ikiwa chini ya kikomo, kwa kawaida daktari anaridhika kuwa hakuna donge, nawe umekwepa bei ya ultrasaundi. Dalili zikiwa nyingi, iruke. Hata majibu yakija mazuri bado utatumwa ultrasaundi, na hapo umelipa mara mbili.

Wajawazito, waliojifungua au kupasuliwa karibuni, wenye saratani au maambukizi makali: D-dimer yao hupanda hata bila donge. Mwenye fedha ya kipimo kimoja tu katika kundi hili amwombe daktari ultrasaundi moja kwa moja. Kwa wazee kuna nafuu ndogo. Kikomo cha kawaida ni 500, lakini ukipita miaka 50 madaktari wengi huzidisha umri kwa 10, kwa hiyo mzee wa miaka 70 anapewa 700. Angalia karatasi ya majibu, kwani maabara nyingine hutumia uniti ambazo kikomo chake ni kama 250, na hesabu hiyo hapo haifai.

Ultrasaundi ya mishipa ya miguu ni ghali zaidi na haipatikani kila kituo, ila inaonyesha donge lenyewe. Uliza kama bei ni ya mguu mmoja au yote miwili.

Ukiuziwa "kifurushi cha kuganda kwa damu", kuwa mwangalifu. PT na APTT hupima damu inachukua muda gani kuganda; hazitafuti donge. Vipimo vya protini C na protini S ndivyo hasara kubwa zaidi kwa anayemeza warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kwa sababu dawa hiyo huzishusha protini hizo, na utaambiwa una upungufu usiokuwepo.

INR, kipimo cha kufuatilia dozi, ni ya watumiaji wa warfarini, na kwao si ya kuruka. Kidonge ni rahisi, ila piga hesabu nzima: INR ya mara kwa mara mwanzoni, kisha kila baada ya wiki kadhaa, pamoja na nauli. Vidonge vipya kama rivaroxaban na apixaban vina bei kubwa lakini havihitaji INR, ingawa figo zinapaswa kupimwa. Anayeishi mbali na maabara huenda akaona vipya ndivyo nafuu. Mwenye vali ya moyo ya chuma hana uchaguzi huo. Abaki na warfarini. Mashine ya INR ya kuchoma kidole inunue tu ukiwa na uhakika wa vijiti vyake, maana vinaisha na vinapitwa na tarehe.

Gharama za ziada ni hizi: ada ya kutoa damu, usafirishaji wa sampuli kwenda mji mwingine, na kurudia. Chupa ya vipimo hivi ina kifuniko cha bluu na dawa ya kuzuia damu isigande, na lazima ijae hadi mstari. Ikiwa nusu, majibu hupotoka. Itazame ikijazwa, na uliza mapema nani atalipia kurudia kosa likiwa lao. Mwenye bima aulize kama kibali kinatakiwa kwanza.

Haya yote ni kwa mwenye muda. Kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla au ukikohoa damu, acha kulinganisha bei. Nenda idara ya dharura sasa hivi.