Maafa katika wadi za wagonjwa wa akili: Gharama ya kunyamaza

MFICHA maradhi kifo humuumbua. Methali hii huwalenga wagonjwa wanaoona haya kusema penye maumivu. Hata hivyo, yaliyotokea nchini Afrika Kusini mwaka wa 2016 yalidhihirisha kwamba wanaomtunza mgonjwa nao wanaweza kuficha, na wanapofanya hivyo anayelipia ni mgonjwa wa kitanda cha pili.

Mnamo Septemba 13, 2016, aliyekuwa Waziri wa Afya wa mkoa wa Gauteng, Bi Qedani Mahlangu, alitoa jibu kwa swali la mwanasiasa wa upinzani katika bunge la mkoa huo, Bw Jack Bloom. Swali lilihusu wagonjwa wa akili ambao serikali ya mkoa ilikuwa imewahamisha miezi michache awali. Waziri alisema kuwa 36 kati yao walikuwa wamefariki.

Jibu hilo lilishtua taifa zima. Lakini uchunguzi rasmi uliofuata ulibaini kuwa siku jibu lilipotolewa, waliokuwa wamefariki walikuwa 77. Watu 41 hawakuwamo katika hesabu iliyotolewa kwa umma, ilhali walikuwa tayari mochari au kaburini. Hesabu ilipokamilika, waliokufa walikuwa 144.

Mkasa huo, unaojulikana kwa jina la Life Esidimeni, umekuwa funzo kuu barani Afrika kuhusu jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana kuwa la makaratasi tu: wajibu wa vituo vya afya ya akili kuripoti maafa yanayowapata wagonjwa.

TUKIO LA KURIPOTIWA NI LIPI?

Wataalamu wa usalama wa wagonjwa huzungumzia tukio la madhara makubwa pale mgonjwa anapokufa au kuumia vibaya kutokana na jinsi alivyohudumiwa, au alivyokosa kuhudumiwa, wala si kwa sababu ya ugonjwa uliomleta hospitalini.

Katika wadi ya upasuaji, tukio la aina hiyo ni rahisi kulitambua. Mkasi ukisahaulika tumboni, picha ya eksirei itauonyesha. Katika huduma za afya ya akili, mambo ni tofauti. Matukio yanayohesabiwa huko ni pamoja na mgonjwa kujiua au kujaribu kujiua akiwa wadini au muda mfupi baada ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kufa akiwa amefungwa kamba, amebanwa na wahudumu au amefungiwa chumbani peke yake. Kupigwa au kunajisiwa. Kupewa dawa isiyo yake au kukosa dawa aliyoizoea. Na kutoroka kituoni bila kujulikana alikokwenda.

Kuna pia vifo vya kimyakimya, ambavyo pengine ndivyo husahaulika kwa urahisi zaidi. Mgonjwa asiyeweza kujieleza huugua nimonia, hukosa maji mwilini au hushikwa na kifafa usiku, na wahudumu wakadhani ni dalili za maradhi yake ya akili.

Kuripoti tukio kuna hatua tatu. Kwanza, jamaa za mgonjwa huarifiwa bila kuchelewa. Pili, taarifa hupelekwa kwa mamlaka iliyo nje ya kituo, katika muda uliowekwa. Tatu, chanzo huchunguzwa na marekebisho kufanywa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu mifumo ya kuripoti matukio ya aina hii, uliotolewa mwaka wa 2020, unasisitiza kuwa manufaa ya ripoti hutokana na hatua zinazochukuliwa baada ya kuipokea. Ripoti inayofungiwa kabatini haimwokoi yeyote.

WALIVYOHAMISHWA

Kwa miaka mingi, kampuni ya Life Esidimeni, ambayo jina lake lina maana ya mahali pa heshima, ilikuwa imepewa kandarasi na serikali ya Gauteng kuwatunza watu wenye maradhi sugu ya akili. Oktoba 2015, Bi Mahlangu alitangaza kuwa mkataba huo ungekatizwa. Sababu zilizotolewa ni kupunguza gharama na kutekeleza sera ya kuwaondoa wagonjwa katika taasisi kubwa ili watunzwe karibu na jamii zao.

Sera hiyo haikuwa mbaya yenyewe. Mataifa mengi yameifuata. Tatizo lilikuwa haraka na ubahili wa utekelezaji. Life Esidimeni ilikuwa ikilipwa takriban randi 320 kwa siku kwa kila mgonjwa. Mashirika ya kijamii yaliyokabidhiwa wagonjwa yalitengewa randi 112.

Jamaa za wagonjwa, madaktari wa akili na watetezi wa haki walionya mapema na hata kwenda kortini. Machi 2016, ombi la kuzuia kundi moja la wagonjwa lisihamishwe lilikataliwa. Katika miezi iliyofuata, zaidi ya wagonjwa 1,300 walitawanywa katika hospitali na mashirika hayo. Baadhi walisafirishwa kwa pikapu. Wengine walifika bila vitambulisho, bila faili za matibabu na bila dawa za kutosha. Kuna jamaa waliozunguka kwa wiki kadhaa wakiuliza mpendwa wao alipelekwa wapi, na wengine walipompata alikuwa tayari amefariki.

Aliyekuwa Mchunguzi Mkuu wa malalamiko ya afya nchini humo, Prof Malegapuru Makgoba, alitoa ripoti yake Februari 1, 2017. Alibaini kuwa mashirika yote 27 yaliyopokea wagonjwa yalikuwa yakihudumu kwa leseni zisizo halali. Bi Mahlangu alikuwa amejiuzulu ripoti hiyo ikikaribia kutolewa.

Lau kila kifo kingeripotiwa siku kilipotokea kwa afisi moja yenye mamlaka ya kusimamisha uhamisho, hatari ingeonekana mapema. Vifo viwili au vitatu katika nyumba moja kwa muda mfupi ni kengele ya kutosha. Badala yake, kila shirika lilibaki na maiti zake, na aliyejumlisha hesabu alifanya hivyo wakati makumi walikuwa wamekwisha kuangamia.

'KIFO CHA KAWAIDA'

Jambo moja liliwezesha vifo hivyo kupita bila maswali. Vyeti vingi vilionyesha kuwa marehemu alikufa kifo cha kawaida, kisichohitaji polisi wala uchunguzi wa maiti. Usuluhishi ulioongozwa na Naibu Jaji Mkuu mstaafu Dikgang Moseneke kati ya 2017 na 2018 ndio uliofichua njaa, kiu, baridi na utelekezaji uliokuwa nyuma ya maneno hayo.

Maneno hayo hayo yaliwahi kutumiwa katika taifa lenye uwezo mkubwa zaidi. Mwaka wa 2013, kijana wa miaka 18 aliyekuwa na ulemavu wa akili na kifafa alizama ndani ya beseni la kuogea katika kituo kimoja mjini Oxford, Uingereza, akiwa hakuna anayemwangalia. Shirika la umma lililosimamia kituo hicho, Southern Health, mwanzoni lilikichukulia kifo hicho kuwa cha kawaida. Mamake hakukubali. Oktoba 2015, jopo la mahakama liliamua kuwa utepetevu ulichangia kifo cha kijana huyo.

Ukaguzi huru ulioagizwa baada ya mkasa huo ulitolewa Desemba 2015. Ulibaini kuwa kati ya Aprili 2011 na Machi 2015, vifo 722 vya watu waliohudumiwa na Southern Health havikuwa vimetarajiwa, lakini 272 tu ndivyo vilivyochunguzwa. Kwa watu wenye ulemavu wa akili, kiwango cha vifo vilivyochunguzwa kilikuwa asilimia 1. Kwa wazee wa zaidi ya miaka 65 wenye maradhi ya akili, kilikuwa asilimia 0.3. Mnamo Machi 2018, Southern Health ilitozwa faini ya pauni milioni 2 kwa kifo cha kijana huyo na cha mgonjwa mwingine.

Takwimu hizo zinafichua dhana iliyojificha. Mtu mwenye maradhi ya akili anapokufa, wengi huona kana kwamba ilitarajiwa. Hakuna anayeuliza alikula nini, alikunywa maji lini, au nani alikuwa zamu usiku huo.

GAZETI LILIPOHESABU

Nchini Marekani, hesabu ilifanywa na wanahabari. Mwaka wa 1998, gazeti la Hartford Courant la jimbo la Connecticut lilichapisha mfululizo wa makala kuhusu wagonjwa, wakiwemo watoto, waliokufa wakiwa wamefungwa au wamebanwa na wahudumu katika vituo vya akili na makao ya walemavu. Gazeti hilo lilithibitisha vifo 142 katika muda wa mwaongo mmoja. Hapakuwa na sheria ya taifa iliyolazimu vituo vyote kuripoti vifo vya aina hiyo.

Makala hayo yalizaa kanuni mpya na sheria ya mwaka wa 2000. Kwa kanuni zinazotumika sasa, hospitali inayofadhiliwa na mpango wa bima wa serikali kuu ni sharti iripoti kifo cha mgonjwa aliyekuwa amefungwa au kutengwa, kabla ya siku ya kazi inayofuata kumalizika. Kifo kinachotokea saa 24 baada ya kufunguliwa pia huripotiwa. Kile kinachotokea ndani ya wiki moja huripotiwa iwapo kuna sababu ya kuamini kuwa kufungwa huko kulichangia.

Afrika Kusini nayo ilianza kutekeleza mwongozo wa kitaifa wa kuripoti matukio ya usalama wa wagonjwa. Matukio hupangwa kwa uzito, na yale ya daraja la juu kabisa hustahili kuripotiwa ndani ya saa 24.

Kanuni za aina hii zina sifa moja muhimu: hazimwachii mkuu wa kituo uhuru wa kuamua kama kifo ni cha kawaida au la. Yeye huripoti kwanza, na mtu wa nje ndiye huamua.

HOFU YA MUUGUZI

Hata hivyo, kanuni pekee hazitoshi. Muuguzi aliye zamu peke yake usiku na wagonjwa wengi anajua kwamba akiandika ukweli, jina lake ndilo litakalokuwa la kwanza katika barua ya kusimamishwa kazi. Aliyepunguza idadi ya wauguzi hataguswa. Katika mazingira hayo, kalamu huwa nzito.

Ndiyo maana mifumo inayofaulu hutenganisha makosa ya kibinadamu na ukatili wa makusudi. Aliyekosea kwa sababu ya uchovu au uhaba wa vifaa hulindwa anaporipoti, na kasoro ya mfumo hurekebishwa. Aliyempiga mgonjwa, au aliyebadilisha faili ili kuficha, hukabidhiwa sheria. Vilevile, matukio yaliyokaribia kuleta maafa lakini yakaepukwa huripotiwa pia, kwani humulika hatari kabla mtu hajafa.

HAPA KENYA

Nchini Kenya, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitoa ripoti mwaka wa 2011 iliyoeleza jinsi huduma za afya ya akili zilivyotelekezwa. Mei 2013, wagonjwa 40 walitoroka kwa pamoja kutoka Hospitali ya Mathari, Nairobi. Tukio hilo lilijulikana kote nchini kwa sababu ya ukubwa wake. Mgonjwa mmoja anapotoroka usiku hazungumziwi na redio.

Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliunda bodi ya kusimamia huduma hizo na kufanya kumpiga, kumtesa au kumtelekeza mgonjwa kuwa kosa la jinai. Marekebisho yaliyotiwa sahihi Juni 2022 yaliziongezea kaunti majukumu na kufafanua haki za mgonjwa.

Kikwazo kingine kiliondolewa Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, muuguzi aliyeandika kuwa mgonjwa amejaribu kujiua alikuwa akiandika pia kuwa mgonjwa huyo ametenda kosa la jinai. Ni rahisi kuelewa kwa nini wengine waliona heri kunyamaza.

WANACHOWEZA KUFANYA JAMAA

Mgonjwa asiyeweza kujitetea huhitaji mtu wa kuuliza kwa niaba yake. Wanaompeleka mpendwa wao katika kituo cha akili, cha umma au cha kibinafsi, wana haki ya kujua kama kituo kina leseni, nani atawapigia simu jambo likitokea, na wagonjwa hufungwa au hutengwa kwa idhini ya nani. Wakiambiwa kuwa mgonjwa wao amehamishwa, wadai kwa maandishi mahali alipopelekwa. Na ikiwa amefariki ghafla, wanaweza kuomba uchunguzi wa maiti kabla ya mazishi, hata kama cheti kinasema kifo kilikuwa cha kawaida.

Ombi hilo la mwisho lina uzito wake. Uchunguzi wa kimahakama kuhusu mkasa wa Life Esidimeni ulipokamilika Julai 10, 2024, Jaji Mmonoa Teffo alipata ushahidi wa kuwahusisha Bi Mahlangu na aliyekuwa mkuu wa idara ya afya ya akili mkoani, Dkt Makgabo Manamela, na vifo vya wagonjwa 9. Wengi miongoni mwa waliosalia walizikwa kabla ya yeyote kuandika kwa usahihi kilichowaua.

Uamuzi wa Jaji Moseneke wa Machi 2018 uliwapa walalamishi fidia ya hadi randi milioni 1.2 kila mmoja. Pia ulitaja wagonjwa 44 ambao wakati huo hawakuwa wamejulikana waliko, wakiwa hai au wamekufa.