Sahani ya Kwanza ya Queen

Katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe wa Unguja, mna nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 2019 kwa jina la Freddie Mercury, na wageni wengi wapitao hapo husimama mlangoni, wakapigwa picha, kisha wakaenda zao wakiimba zile nyimbo mbili tatu ambazo hapana asiyezijua. Si vibaya. Lakini ni wachache mno miongoni mwao, na miongoni mwetu watu wa pwani hii tunaojifaharisha naye, waliowahi kuisikiliza tangu mwanzo hata mwisho santuri ya kwanza aliyoitoa pamoja na wenziwe wa Queen mwezi wa Julai 1973. Santuri ambayo siku ilipotoka haikuwashughulisha wanunuzi, na ambayo hata leo aghalabu hutajwa kwa haraka, ili msimulizi apate kuzifikia zile zenye sifa zaidi.

Farrokh Bulsara, kwani hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake Waparsi, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, babake akiwa mtunza fedha katika Mahkama Kuu chini ya utawala wa Waingereza. Akapelekwa Bara Hindi angali mdogo kusoma katika shule ya bweni huko Panchgani, ambako alijifunza piano. Na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, akahamia Uingereza pamoja na jamaa zake, umri wake ukiwa miaka kumi na saba. Msomaji asitafute taarabu wala mahadhi ya Forodhani ndani ya santuri hii, kwa sababu hayamo. Kilichomo ni muziki wa roki wa vijana wanne waliokutana London: Mercury mwenyewe, Brian May, mpiga gitaa aliyekuwa akisoma fizikia, Roger Taylor, mpiga ngoma, na John Deacon wa gitaa la besi, aliyejiunga nao mwaka 1971.

Studio waliyorekodia, Trident, katika mtaa wa Soho, ilikuwa na heshima kubwa, maana humo ndimo Beatles walimorekodi wimbo wao wa Hey Jude mwaka 1968, na David Bowie naye akaifanyia kazi zake mashuhuri. Lakini vijana hawa hawakuingia humo kwa mlango wa matajiri. Walipewa saa zilizobaki, yaani zile ambazo msanii mwenye jina alikwisha kuondoka au hakutokea, na mara nyingi saa hizo zilikuwa za usiku wa manane. Kazi nyingi ilifanyika mwaka 1972, kisha ikakaa ikingoja kampuni ya kuitoa, hata EMI ilipoitoa wenyewe walikwisha kuona kwamba wamesonga mbele yake. Wimbo mmoja, The Night Comes Down, ulichukuliwa kama ulivyo kutoka katika kanda walizorekodi mwaka 1971 kwenye studio mpya ya De Lane Lea, walikopewa nafasi ya bure ili wenye studio wapate kuvijaribu vyombo vyao. Na kwa sikio langu huo ndio wimbo wenye hewa nyingi kuliko yote iliyomo, ijapokuwa ulipatikana kwa gharama ndogo kabisa.

Sasa tuiweke sahani juu ya gramafoni. Wazee wetu walioizoea santuri tangu enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, walijua sahani nzito zilizozunguka mara 78 kwa dakika na kubeba dakika tatu tu, au zaidi kidogo, kila upande. Hii ya Queen huzunguka mara 33 na thuluthi moja, na kila upande wake una muziki wa karibu dakika ishirini. Juu ya uso wake kuna mfuo mmoja tu, unaojizungusha kutoka ukingoni hata karibu na kitovu, na kuta mbili za mfuo huo zimechongwa kwa namna tofauti, ukuta mmoja ukibeba sauti ya kushoto na wa pili ya kulia, nayo sindano huzisoma zote mbili kwa pamoja. Ndiyo maana asikilizaye Keep Yourself Alive, wimbo unaofungua sahani, inampasa akae katikati ya spika zake mbili: gitaa la Brian May huanza peke yake, nyuzi zikiwa zimefifizwa kwa kiganja, na sauti yake huviringika kama upepo, jambo lililopatikana kwa kuchanganya kanda mbili zenye sauti ileile, moja ikiichelewea nyenzake kwa muda mdogo mno.

Mfuo una hila yake. Sahani haibadili mwendo wake, lakini duara la ndani ni fupi kuliko la nje, kwa hiyo kadiri sindano inavyokaribia kitovu mawimbi ya sauti hubanana, na zile sauti nyembamba hupoteza ukali wake. Kwa sababu hiyo mafundi wengi hupenda nyimbo za upole zikae mwishoni mwa upande. Queen walifanya kinyume: upande wa kwanza humalizikia kwa My Fairy King, wimbo uliojaa sauti tele, na hapo ndipo sindano kuukuu au yenye vumbi inapofedheheka, ilhali Liar, wimbo mrefu na mzito wenye magitaa, makofi na waimbaji wanaoitikiana, hufungua upande wa pili.

Huo wimbo wa My Fairy King ningemshauri asikilizaye mara ya kwanza aufanye kuwa kipimo chake. Mercury anapiga piano mwenyewe, kisha sauti zinapandishwa moja juu ya nyingine katika mashine ya kanda yenye njia kumi na sita, mpaka watu wachache wanakuwa kwaya nzima. Na zile mbinu ambazo baadaye ziliwapatia umaarufu zinasikika humo zikiwa bado mbichi, fundi akijaribu na kuvuka mipaka pasipo kuona haya. Brian May amesimulia kwamba ni kutokana na maneno ya wimbo huo Farrokh alijichagulia jina la Mercury.

Gitaa la May lastahili maneno yake. Alilitengeneza pamoja na baba yake, kuanzia mwaka 1963, kwa mbao za rafu ya meko ya zamani, springi za vali za pikipiki kuukuu, ncha ya sindano ya kufumia na vifungo vya lulumizi, na hulipiga kwa sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki. Sauti zake zilikuwa ngeni hata vijana hao wakaona ni lazima waandike kwenye jalada kuwa hapana mtu aliyepiga sinthesaiza.

Upande wa pili, tuseme kweli, haulingani na wa kwanza. Modern Times Rock 'n' Roll wa Taylor ni kelele za furaha zipitazo upesi, na Jesus unajivuta. Ngoma nazo ni kavu, jambo ambalo Taylor mwenyewe hakulifurahia, na sahani ilipotolewa upya mwaka 2024 kwa jina la Queen I zilirekebishwa, na wimbo wa Mad the Swine, uliokuwa umeachwa, ukarudishwa. Mwenye kutaka kujua 1973 ilisikikaje na aitafute ya zamani. Mwenye kutaka ngoma nzuri na anunue mpya.

Sahani inakwisha kwa kipande kifupi kisicho na maneno, kisichotimiza hata dakika mbili, kiitwacho Seven Seas of Rhye, ambacho huondoka kabla hakijakaa. Aliyeinunua mwaka 1973 hakuwa na njia ya kujua kinaelekea wapi. Wimbo kamili, wenye maneno, ulitoka Februari 1974, ukafika nafasi ya kumi katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Queen kuingia humo.