Bustani za Uingereza na Vibanja vya Buhaya

Leo tumechagua kusema nanyi habari za bustani. Huenda mtu akadhani ya kuwa bustani ni jambo dogo, la kupumzisha macho tu baada ya kazi. Lakini atazamaye bustani za taifa lolote kwa makini huona humo mila za watu wake, historia yao, na namna walivyogawana ardhi. Basi tutatazama nchi mbili zilizo mbali sana: mashamba ya Uingereza, na vilima vya Bukoba na Muleba vilivyo ukingoni mwa ziwa la Victoria, upande wa magharibi.

Nchi hizi zilikwisha kulinganishwa zamani. Mwaka 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Grant walifika Karagwe, jirani na Buhaya, wakapokewa kwa heshima na Mfalme Rumanika. Walipoliona ziwa dogo la huko lililozungukwa na vilima, Grant alilifananisha na ziwa la Windermere lililo kaskazini-magharibi ya Uingereza, na Speke akaliita Windermere Ndogo. Ndiyo desturi ya msafiri kukifananisha akionacho na kile alichokizoea. Lakini ulinganifu wa macho peke yake hautoshi. Twataka kulinganisha kazi za watu.

Mgeni aendaye mashambani mwa Uingereza wakati wa kiangazi hupendezwa mno. Huona mabonde ya kijani, kondoo wakilisha juu ya vilima, kanisa la mawe katikati ya kijiji, na kila konde limezungukwa na ua la miti midogo iliyosukana. Mbele ya nyumba za wakulima mna bustani ndogo zenye mawaridi, kabichi, njegere na mitofaa, vyote vimechanganyika. Kwa kuwa mkulima maskini hakuwa na nafasi ya kutenga maua upande mmoja na chakula upande mwingine. Mwanamke mmoja stadi, Gertrude Jekyll, aliyeishi tangu mwaka 1843 hata 1932, alizitazama bustani hizo za wanyonge, akajifunza kwazo. Alitengeneza bustani yake mwenyewe huko Munstead Wood, katika jimbo la Surrey, na bustani nyingi za wengine, na maandiko yake yalibadili namna Waingereza wapandavyo maua.

Mgeni huyo aweza kusema kwamba nchi ile iliumbwa nzuri. Lakini wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Katika karne ya 18 fundi mmoja jina lake Lancelot Brown alikuwa akiajiriwa na mabwana wakubwa kuyatengeneza mashamba yao. Alichimba maziwa, akahamisha udongo, akapanda miti mahali palipokuwa wazi, na leo watu hupita humo wakidhani wanatazama kazi ya maumbile. Ziwa kubwa lililo mbele ya jumba la Blenheim lilipatikana kwa kuziba mto.

Na mashamba ya ngano, je? Hayo nayo yaliundwa. Katika vilima vya chokaa vya kusini ya Uingereza udongo wa makonde ulikuwa hafifu, na mbolea za viwandani zilikuwa hazijajulikana. Basi wakulima walipeleka kondoo kulisha juu ya vilima mchana kutwa, na jioni wakawateremsha na kuwafungia ndani ya vizuizi vya fito juu ya konde lililokuwa likingoja kupandwa. Kondoo walilala humo, wakaacha samadi, na siku ya pili vizuizi vikasogezwa mahali pengine. Hivyo rutuba ya kilimani ilishushwa kondeni kila usiku kwa miguu ya kondoo, na konde la mkulima likalishwa na malisho yaliyokuwa ya shirika.

Twawaomba mshike habari hiyo ya kondoo, kwa maana sasa tutavuka kwenda Buhaya.

Mtu akipanda kilima chochote cha Bukoba au Muleba huona nchi ya namna mbili. Ziko sehemu za migomba mizito, zimesimama kama visiwa vya kijani kibichi, na kati ya visiwa hivyo pana nyika ya majani matupu. Kisiwa cha migomba ni vibanja vya kijiji kimoja, na nyika hiyo Wahaya huiita rweya. Ndani ya kibanja mgomba husimama pamoja na mbuni, maharage hupandwa chini yao, na miti mirefu huachwa hapa na pale kwa kivuli na mbao. Mipaka ya vibanja huonyeshwa kwa mimea iitwayo emilamula, ambayo haifi upesi wala haihamishwi kwa siri. Mwingereza ana ua lake la miti. Mhaya anao mlamula wake.

Mgeni aionapo neema hiyo hudhani kwamba Wahaya walibahatika kukuta udongo mwema wakapanda, na rweya ni mahali palipokosa bahati. Sivyo hata kidogo. Mvua ya ukingoni mwa ziwa ni nyingi, hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua kubwa namna hiyo huosha udongo na kuchukua chakula cha mimea. Udongo wa huko ulitokana na mawe ya mchanga, nao kwa asili ni maskini. Udongo wa kibanja na ule wa rweya mara nyingi ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao imeletwa na mikono ya watu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ng'ombe walilisha katika rweya mchana, wakarudi kulala nyumbani, na samadi yao ikapelekwa migombani. Majani ya rweya yalikatwa, yakafungwa matita, yakachukuliwa vichwani na kutandazwa chini ya migomba. Matandazo hayo hufanya kazi tatu: huzuia jua lisikaushe ardhi, huzuia mvua isichukue udongo, na yakioza huwa chakula. Mizizi ya mgomba haiendi chini sana, hukaa karibu na uso wa ardhi, kwa hiyo jembe haliruhusiwi kuchimba kwa nguvu humo. Takataka za jikoni, maganda ya ndizi, majivu, na mabua ya maharage, vyote hurudishwa shinani. Kizazi hufanya hivyo, kisha kizazi kingine hupokea, hata udongo ukawa mweusi na mnene. Katika rweya yenyewe wanawake walilima vijishamba vya njugu mawe kwa zamu, wakiviacha vipumzike miaka kadhaa. Mnaona basi kwamba ng'ombe wa Mhaya na kondoo wa Mwingereza walifanya kazi moja, ingawa wenyewe hawakupata kuonana.

Nyumba ya zamani ya Mhaya, iitwayo mushonge, nayo ilitoka katika rweya. Ilikuwa ya duara, imeezekwa kwa majani tangu kileleni hata kukaribia ardhi, na sakafu yake ilitandikwa majani. Mgeni aliyeingia humo alikaribishwa kwa buni. Kabla ya kahawa kuwa bidhaa ya kuuzwa ng'ambo, Wahaya walizichemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakazikausha, wakazitafuna. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu wa kuchanjiana waligawana punje mbili zitokazo katika tunda moja. Jioni mtu hodari wa kupiga enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika mti, aliimba habari ndefu za mashujaa na wafalme. Mwanachuoni Mugyabuso Mulokozi amezikusanya nyimbo hizo na kuzichunguza, nasi twaweza kuzisoma leo.

Historia ya nchi hii ni ya kale sana. Huko Katuruka, karibu na Maruku, Peter Schmidt na wenzake walifukua matanuri ya watu waliofua chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wazee wa mahali hapo walikuwa wakisimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe na mafundi wake wa chuma, na masimulizi hayo ndiyo yaliyowaongoza wachimbaji. Chuma kilitaka mkaa, na mkaa ulitaka miti. Yawezekana kwamba nyika tuionayo leo ilianza kupanuka tangu zama hizo.

Tukisifu, na tusifiche yaliyo magumu. Katika zama za wafalme wengi walilima vibanja visivyokuwa vyao. Mfalme aliweza kuwatunukia wakubwa wake ardhi pamoja na watu waliokaa juu yake. Utaratibu huo uliitwa nyarubanja, na mpangaji alimtumikia bwana wake au kumlipa. Utawala wa machifu uliondolewa Tanganyika mwaka 1963, na mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja. Wanawake, ambao mikono yao ndiyo iliyopalilia, walingoja zaidi. Ni mwaka 1990 tu Mahakama Kuu ya Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ilipoamua kwamba mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba la ukoo aweza kuliuza sawasawa na mwanamume. Uingereza nayo ina habari kama hizo nyuma ya maua yake, na hapo ndipo penye fundisho la mazungumzo yetu.

Yale malisho ya shirika, ambamo kondoo walilisha na maskini wakakata kuni, hayakudumu. Kati ya mwaka 1604 na 1914 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ua ardhi za shirika, na jumla ya ardhi hiyo ilikuwa kama ekari 6,800,000, yaani zaidi kidogo ya moja katika tano ya nchi nzima. Mazao yaliongezeka mahali pengi, hilo hatulikani. Lakini mkulima mdogo aliyekuwa na ng'ombe mmoja alikosa mahali pa kumlisha. Akamwuza, akawa kibarua, au akahamia mjini. Mshairi John Clare, mtoto wa kibarua wa kijiji cha Helpston, aliyaona hayo kwa macho yake, akayalia katika mashairi yake. Nyua nyingi zile zinazompendeza mgeni zilipandwa wakati huo, na kwa mwenyeji wa siku zile zilikuwa alama ya msiba.

Waingereza walistuka kwa kuchelewa. Mwaka 1865 iliundwa jamii ya kuzilinda ardhi za shirika zilizobaki, na mwaka 1895 Octavia Hill, Robert Hunter na Hardwicke Rawnsley wakaanzisha shirika la National Trust, lilinde mahali pazuri na pa historia kwa faida ya watu wote. Hata hivyo ardhi ya shirika iliyobaki Uingereza leo ni kama asilimia 3 tu.

Tukirudi Bukoba na Muleba twaona rweya nayo inapungua. Sotoka ya miaka ya 1890 iliua ng'ombe wengi katika Afrika ya Mashariki, na Buhaya haikusalimika. Watu wameongezeka, vibanja vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, na rweya imegawiwa watu, au imepandwa misindano na mikaratusi. Miti hiyo huleta fedha, wala hatumwambii mtu asipande. Lakini tita la majani linatoka wapi, na ng'ombe alishe wapi? Kibanja kisicholishwa hudhoofika polepole. Mkungu huwa mdogo, fukusi na minyoo midogo ya mizizi hupata nguvu, na mgomba huanguka kwa upepo kidogo. Tena mwanzoni mwa karne hii ulikuja mnyauko wa migomba, ugonjwa ulioonekana Uganda mwaka 2001, na baada ya miaka michache ukaingia Kagera.

Juu ya mnyauko, mafundisho ni mepesi kuyasikia, na magumu kuyatenda bila kuchoka. Ua dume la mgomba likatwe kwa mti wenye panda mara mkungu ukiisha kutoa vichana, kwa maana wadudu hupeleka ugonjwa kwa njia ya ua hilo. Kisu kipitishwe motoni kila kitokapo mgomba mmoja kabla hakijaingia mwingine. Mgomba ulioshikwa uondolewe upesi, na chipukizi zisichukuliwe mahali penye ugonjwa. Kituo cha utafiti cha Maruku kimefanya kazi katika mambo ya migomba kwa miaka mingi, na mkulima mwenye shaka aulize huko, au kwa bwana shamba wake.

Lakini hakuna kisu kitakachoponya njaa ya udongo. Kwa sababu hiyo twawaomba wazee na wanakijiji, kila wanapokutana kugawa rweya, waulize swali moja kabla ya kupima: vibanja vya chini ya kilima hiki vitalishwa na nini? Wakitenga sehemu ya malisho na ya kukata majani, waiandike, waiwekee mipaka, waipande emilamula. Na yule asiyeweza tena kupata majani ya rweya, apande majani ya ng'ombe pembezoni mwa kibanja, afuge ng'ombe mmoja zizini, asitupe hata gamba moja la ndizi.

Wahaya huzika wazazi wao ndani ya kibanja, na mwana wa Bukoba aliye Dar es Salaam au ng'ambo hujua kwamba huko ndiko atakakorudishwa. Udongo huo ulifanywa na hao waliolala ndani yake, tita kwa tita. Anayeurithi amepokea kazi isiyokwisha, na msimu wa mvua ukifika, wakati wa kutandaza umewadia.