Tangazo la Kazi Lisomwe Ukiwa Bado Darasani

Wanafunzi wengi hufungua tangazo la kazi kwa mara ya kwanza wakiwa tayari na cheti mkononi. Nawasihi walifungue mapema, hata kidato cha tatu, kabla hawajachagua tahasusi. Humo mwajiri anasema mwenyewe anamtaka mtu wa namna gani, tena bure.

Anzia Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Ukishayapitia majukumu ya kazi, tulia kwenye sifa za mwombaji. Anayetaka kushika hesabu za serikali atakuta vyeo viwili vinavyofanana masikioni, Afisa Hesabu na Mhasibu. Cha kwanza kwa kawaida hudai shahada; cha pili hudai shahada pamoja na CPA(T), ambayo hupatikana kwa kufaulu mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. Aliyeyajua hayo mwaka wa kwanza wa chuo atapanga aanze lini mitihani hiyo na ada ataitoa wapi. Asiyejua hugundua baada ya mahafali, wenzake wakiwa wameshatuma maombi. Kwa maafisa ugavi ni hivyohivyo: huulizwa usajili wa bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi, PSPTB. Hata udereva una masharti yake: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, uzoefu wa kuendesha bila kusababisha ajali, na mafunzo ya VETA au ya chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Leseni pekee haitoshi, na inaniuma kwamba vijana wengi hawaambiwi.

Ukishazijua sifa, rudi nyuma hadi chuoni. Kila mwaka Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa mwongozo wa udahili unaopakuliwa bila malipo, wenye masomo yanayotakiwa kwa kila programu. Anayefikiria tahasusi ya HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) huku akitamani uhandisi ataona humo kuwa Fizikia na Hisabati haziepukiki. Heri alione hilo kabla ya kujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi.

Asiyejua kabisa anapenda nini ajaribu dodoso la O*NET, la Wizara ya Kazi ya Marekani. Lina maswali 60 kuhusu shughuli unazozipenda, na limejengwa juu ya makundi sita ya haiba ya mwanasaikolojia John Holland. Liko kwa Kiingereza, na mishahara inayotajwa humo ni ya Marekani, kwa hiyo iache. Chukua majina ya kazi ukayatafute huku kwetu.

Akitokea mtu anayedai pesa ili maombi yako yashughulikiwe, achana naye. Sekretarieti haitozi ada ya kuomba kazi.

Tumia pia muda huu wa masomo kukagua kama majina yako yanafanana kwenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kitambulisho cha NIDA. Hati za matokeo ya muda hazipokelewi, hivyo fuatilia vyeti halisi. Maombi mara nyingi hupokelewa kwa takriban wiki mbili tu, na kurekebisha herufi moja ya jina huweza kuchukua muda mrefu kuliko huo.