Kompyuta ya Duka Imezima Ghafla na Faili ya Kumbukumbu Haipo? Angalia Haya

Kompyuta imezima ghafla na wateja wako kwenye foleni. Usiwe na wasiwasi: pesa uliyolipwa kwa simu iko kwenye akaunti yako, si ndani ya kompyuta. Angalia taarifa ya akaunti kwanza kabla ya kumwambia mteja alipe tena.

Sasa tushughulikie mashine. Windows ikikwama na kuleta skrini ya buluu, kwa kawaida huhifadhi yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ili fundi ajue chanzo. Faili kubwa ni MEMORY.DMP, ndani ya C:\Windows. Zile ndogo hukaa C:\Windows\Minidump. Ukizikosa, huenda sababu ni mojawapo ya hizi:

1. Stima ilipotea au mashine ilipata joto kupita kiasi. Hapo Windows haikupata muda wa kuandika chochote. Fungua Event Viewer. Ukiona Kernel-Power 41 na BugcheckCode ni 0, anza na waya, chaji na feni kabla ya kulaumu programu.

2. Uliizima mapema. Kwenye skrini ya buluu kuna asilimia inayopanda. Iache ifike 100.

3. Mpangilio umezimwa. Tafuta sysdm.cpl, ingia Advanced, kisha bonyeza Settings chini ya Startup and Recovery. Ukikuta "none", chagua "Automatic memory dump".

4. pagefile.sys imeondolewa au ni ndogo mno. Windows huandika hapo kwanza, halafu hutengeneza MEMORY.DMP ikiwaka tena. Iache Windows ijipangie ukubwa wake.

5. Diski imejaa. Nafasi ikishuka chini ya GB 25, Windows inaweza kuifuta MEMORY.DMP yenyewe. Programu za kusafisha diski pia huifuta.

Ukipata faili, kuwa makini. Ni nakala ya kilichokuwa kwenye kumbukumbu, kwa hivyo inaweza kuwa na nenosiri lako au maelezo ya wateja. Usiitupe kwenye kikundi cha WhatsApp eti mtu akusaidie. Mpe fundi unayemwamini, na kazi ikiisha, hakikisha imefutwa kwake na kwako.

Na fundi akikuomba PIN ya simu ili "atengeneze" kompyuta, mkatalie. Hakuna skrini ya buluu inayotengenezwa kwa PIN. Hata sisi hatutawahi kukuuliza.