Je, Wajua? Cher, mafuta na sauti ya roboti

Ile sauti inayokatika-katika kama ya roboti, ambayo leo imejaa kwenye Bongo Fleva, ilipata umaarufu duniani kupitia mwimbaji aliyekuwa amevuka miaka 50. Ni Cher, na wimbo ni "Believe" wa mwaka 1998.

Programu iliyotumika, Auto-Tune, haikubuniwa na mwanamuziki wa jukwaani. Mbunifu wake, Andy Hildebrand, alikuwa mhandisi wa kampuni za mafuta. Huko walituma mitikisiko ardhini, wakasikiliza mwangwi unaorudi, kisha hesabu zikawaonyesha pa kuchimba. Hesabu za aina hiyohiyo ndizo alizozigeuza zinyooshe sauti za waimbaji. Kutoka kisimani hadi studio!

Ilikusudiwa kurekebisha kimyakimya, msikilizaji asigundue. Watayarishaji wa Cher wakafanya kinyume: wakaikaza mpaka mwisho, sauti ikawa inaruka kutoka noti hadi noti bila kuteleza. Walipoulizwa siri yao, wakasingizia chombo kingine kabisa. Wajanja hao.

Na kileleni? Cher alishika namba moja Marekani mwaka 1965 akiwa na mwenzake Sonny, kwa "I Got You Babe". Akarudi mara kadhaa peke yake, ya mwisho ikiwa "Dark Lady" ya Machi 1974. Kisha kimya. "Believe" ilipofika namba moja Marekani, Machi 1999, mtoto aliyezaliwa wakati wa "Dark Lady" alikuwa anatimiza miaka 25.

Uingereza, wimbo huo ulikaa kileleni wiki 7.